Raba nene za kukimbilia kila siku, za mtumba: nitajuaje kama sponji bado ina uhai?

Pasiansi Alfajiri (mwanzisha mada)

Wakuu habari za leo, poleni na majukumu. Naomba msaada hasa kwa nyie mnaokimbia hapa hapa Mwanza, maana swali langu ni la miguu na hizi barabara zetu.

Nina miaka 38, kilo 84. Nilianza kukimbia Septemba 2025, ile wiki Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, ile ya kumzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Niliangalia marudio asubuhi na wanangu, mdogo akaniuliza baba na wewe unaweza kukimbia? Kesho yake nikatoka. Toka siku hiyo sijaacha. Natoka Pasiansi saa kumi na moja na nusu alfajiri naelekea upande wa uwanja wa ndege nageuza, kama kilomita 7, mara tatu kwa wiki, halafu Jumapili naungana na wenzangu tunapanda Capri Point tunazunguka tunashuka mpaka usawa wa Jiwe la Bismarck. Lengo ni kilomita 21 za Rock City Marathon.

Shida ni kiatu. Nimekuwa nakimbilia raba za kawaida zile za soli nyembamba bapa, na sasa mfupa wa mbele wa mguu, ugoko, unaniuma miguu yote miwili, hasa siku ya Jumapili tukishuka mlima. Wenzangu wakaniambia tafuta raba nene zenye sponji, za kukimbilia kila siku, sio hizi za kupendezea suruali.

Jana nimeenda Mlango Mmoja, soko letu la mtumba, nikakuta hivi. Asics Gel-Cumulus, muuzaji anataka 85,000, imechakaa kidogo kisigino upande wa nje mpira umelika mpaka unaona weupe wa sponji. Nike Pegasus, 70,000, chini inaonekana nzima kabisa ila pembeni ya sponji ina mistari mistari ya kujikunja. Halafu kuna duka moja mjini wana raba mpya kabisa jina silijui, 60,000, hiyo ukiibonyeza kidole kinazama, muuzaji ananiambia hii unakanyaga godoro. Nimebonyeza zote tatu kwa dole gumba kwa kweli ile mpya ndio laini kuliko zote, lakini moyo umesita. Sijanunua. Nataka nirudi Jumamosi nikiwa najua naangalia nini. Msinicheke kwa hela, kwangu 85,000 ni hela ya kufikiria.

Mzee wa Nyegezi

Mwangaluka mdogo wangu. Umefanya vizuri kutonunua siku ile ile.

Nakimbia toka enzi tunakimbilia raba za mchezo wa shule kwenye vumbi, nimeshaua viatu vingi na viatu vingine vimeniua mimi, kwa hiyo nakwambia nilichojifunza kwa maumivu. Dole gumba linadanganya. Dole gumba linakwambia kitu kimoja tu, kwamba hiki ni laini. Kukimbia hakuhitaji laini peke yake, kunahitaji kitu kinachobonyea halafu KINARUDI. Wewe kilo zako 84 ukikimbia mguu unapotua unashuka na uzito wa mara mbili mpaka mara tatu ya huo, na unatua maelfu ya mara kabla hujarudi nyumbani. Sponji inayozama kwa kidole ikikutana na huo mzigo inagota chini kabisa, mguu wako unapiga lami kama vile hujavaa kitu, na wewe bado unasema mbona kiatu changu laini.

Sasa ukienda Jumamosi fanya hivi. Shika kiatu kwa pembeni, usibonyeze ndani pale unapoingiza mguu, bonyeza sponji yenyewe kwa nje. Anzia katikati pale kwenye upinde wa unyayo, pale huwa hapabebi mzigo mkubwa kwa hiyo sponji ya pale inakuwa bado karibu na ilivyotoka kiwandani. Isikilize inavyorudi. Halafu nenda kisigino, halafu chini ya dole kubwa. Kama kisigino kinarudi karibu sawa na pale katikati, kiatu kina uhai. Kama katikati inarudi na kisigino kiko kigumu kimelala kama ndala ya zamani, hicho kiatu mwenye nacho alishakimaliza huko Ulaya kabla hakijapanda meli. Fanya kwa mguu wa kulia na wa kushoto, maana mara nyingi kimoja kinakuwa kimechoka kuliko mwenzake.

Halafu kiweke juu ya meza au sakafu iliyonyooka, rudi nyuma chuchumaa ukiangalie kwa nyuma usawa wa macho. Kikiwa kimelala upande mmoja achana nacho hata akikupa kwa elfu ishirini. Huwezi kunyoosha kiatu kilichokwisha kulala, kitakulaza wewe.

Ile mistari ya Pegasus uliyosema ndio inanitia wasiwasi kuliko ule mpira uliolika wa Asics. Mpira wa chini kulika kisigino kwa nje ni kawaida, wengi tunatua hivyo. Mistari ya kujikunja pembeni ya sponji, ikiwa michache na hafifu sawa, ila ikiwa imebanana kama makunyanzi ya shingo, ile ni sponji imekaa chini haitaki kunyanyuka tena. Na hapa ndio watu wanaliwa, chini wanaona meno bado marefu wanasema mpya, kumbe mpira wa chini unaweza kuishi kuliko sponji. Viatu hivi vya kila siku kwa kawaida vinahesabiwa kilomita 500 mpaka 800 hivi, mtu mzito na barabara mbaya vinawahi. Sisi tunavikuta katikati ya hiyo safari na hatujui alivikimbilia ngapi.

Balo la Alfajiri

Mimi nauza viatu vya mtumba hapo hapo Mlango Mmoja na naongezea kwa upande wa sisi wauzaji, sitaki kuharibu biashara ya mtu ila mteja akiumia harudi.

Kwanza njoo asubuhi mkuu. Sio kwa sababu ya kuwahi mzigo tu, ni kwa sababu ya jua. Sponji nyingi za hivi viatu ikipata joto inalegea, kiatu kilichoning'inia juani mpaka saa nane mchana ukikibonyeza unakiona kilaini kumbe ni joto. Asubuhi ndio unapata ukweli wake.

Pili viatu vinaoshwa na vingine vinapigwa rangi nyeupe pembeni ya soli. Kuosha sio dhambi, kinakuja kichafu lazima kioshwe. Ila rangi inafunika ile mistari anayoisema mzee hapo juu. Pitisha ukucha pembeni, rangi ya kupaka inakuja na ukucha, sponji yenyewe haiji. Na angalia mbele kwenye ncha ya vidole kama kuna gundi ya fundi, inakuwa ya njano njano inang'aa, ya kiwandani huioni.

Tatu, na hili wengi hawalijui, kuwa makini na kiatu cha zamani ambacho hakijavaliwa kabisa. Tunapata kwenye balo kiatu kina miaka mingi kimekaa tu kwenye boksi, chini hakijagusa ardhi, mteja anafurahi. Kuna soli za aina fulani zikikaa muda mrefu na unyevu zinaoza zenyewe, siku ya kwanza unakimbia zinamomonyoka kama mkate mkavu. Imewahi kunitokea mteja amerudi na soli mkononi, nilimrudishia hela yake yote na nikaona aibu sana. Kwa hiyo hata kama ni kipya kikunje, kibonyeze kwa ukucha, kikiacha unga unga rudisha.

Kuhusu bei, hiyo Asics ya 85,000 kama kisigino kimelika mpaka weupe unaonekana unayo haki ya kushusha. Mwambie muuzaji wazi kwamba unaenda kukimbilia kweli, sio kutembelea. Mimi mteja akiniambia hivyo namchagulia tofauti kabisa.

Dada Viungo

Kaka pole na ugoko. Nafanya kazi ya mazoezi tiba na pia nakimbia, kwa hiyo nitasema mambo ya mguu kwanza halafu kiatu.

Hayo maumivu, jibonyeze kwa kidole kufuata mfupa kwa upande wa ndani, taratibu. Kama yametapakaa eneo refu, yanauma ukianza kukimbia halafu yanapungua, mara nyingi ni mzigo umezidi haraka, punguza kilomita na usishuke Capri Point kwa wiki mbili tatu. Kama kuna sehemu MOJA ndogo ukiigusa unaruka, au inauma hata ukiwa umelala usiku, acha kukimbia uende hospitali upigwe picha, huo unaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa na hakuna raba ya kutibu hiyo. Nakuomba sana hili usilipite.

Kuhusu ulaini, Luxembourg walifanya utafiti kwa wakimbiaji zaidi ya 800, wakawapa viatu vinavyofanana kwa macho ila vingine sponji ngumu vingine laini, matokeo yalitoka 2020. Waliovaa ngumu waliumia zaidi. Lakini hapa ndio pa kushangaza, faida ya ulaini ilionekana kwa wale wepesi, sio kwa wazito. Watu wote tulikuwa tunadhani mzito ndio anahitaji godoro. Kwa hiyo wewe wa kilo 84 usikimbilie kiatu laini kuliko vyote dukani kwa kuamini ndio kitakuponya.

Na hapa naongea kwa yaliyonikuta. Miaka miwili iliyopita nilinunua raba nene laini sana, siitaji ya nani, nilivyovaa dukani nilitamani kulia kwa raha. Nikaenda nayo Bwiru kwenye zile njia za changarawe na mawe. Soli nene, laini, na nyembamba chini ukilinganisha na unene wake. Nilikanyaga kijiwe kidogo tu cha ukubwa wa karanga na kiatu kikaenda upande mguu ukakifuata. Wiki sita sikukimbia. Kwenye lami ya barabara ya uwanja wa ndege labda kisingenifanya kitu, lakini Mwanza ni mji wa mawe jamani, hata lami ina mawe juu yake mvua ikinyesha maana yanashuka na maji kutoka milimani. Kwa hiyo ukishika kiatu jaribu kukikamua kama unavyokamua nguo, mkono mmoja mbele mmoja kisigino. Kikijiviringa chote kama kitambaa kwa barabara zetu mimi nisingechukua. Na kikunje, kikunjike pale vidole vinapoanzia, kisikunjike katikati ya unyayo.

Pasiansi Alfajiri

Asanteni mno, dada nimejibonyeza usiku huu, yametapakaa upande wa ndani hakuna sehemu moja ya kuruka, nashukuru Mungu. Na usiku siumwi. Nitapumzisha mlima.

Swali jingine, mwenzangu mmoja wa Jumapili ananiambia niangalie "dropu" ya kiatu, kwamba kuna za 5 na za 10 na nisipoangalia nitaumia mshipa wa kisigino. Hii ni nini na mtumba unaijuaje? Na saizi, mimi navaa 42 ila ile Asics imeandikwa 42.5 na ilinibana kidogo vidole.

Mzee wa Nyegezi

Dropu ni tofauti ya kimo tu. Pima unene wa sponji chini ya kisigino, pima chini ya vidole, toa. Pegasus inakuwa milimita 10, Brooks Ghost kwa miaka mingi ilikuwa 12, Hoka Clifton zile za nyuma 5. Kisigino kikiwa juu zaidi mzigo unahamia kidogo kwenye goti, kikiwa chini zaidi unahamia kwenye kigimbi na ule mshipa wa nyuma. Hakuna iliyo bora, kuna uliyoizoea. Wewe umetoka kwenye raba bapa kwa hiyo vigimbi vyako vimezoea kazi, hata ya 8 au 10 haitakusumbua, ila anza nayo taratibu. Tafuta namba ya modeli kwenye lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu au pembeni kwa ndani, iandike kwenye simu uitafute mtandaoni, utakuta picha yake na vipimo vyote. Ukiitafuta namba ikakuletea kiatu cha rangi nyingine kabisa au cha wanawake, hapo kuna kitu hakiko sawa.

Saizi usihangaike na namba za Ulaya, zinapishana kampuni na kampuni. Angalia sentimita, zimeandikwa kwenye lebo hiyo hiyo. Pima mguu wako JIONI ukiwa umesimama juu ya karatasi, soksi umevaa, halafu kiatu kizidi kama upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Nje ya hapo utashuka Capri Point unapoteza kucha. Mimi nimepoteza nne.

Fundi Igogo

Nimesoma yote. Niongeze mawili tu kama fundi viatu. Moja, msituletee raba ya kukimbilia tuwawekee soli ya tairi au kipande cha ndala pale kisigino kilipolika, tutaweka kwa sababu ni kazi lakini kisigino kimoja kitakuwa kigumu na kizito kuliko kingine. Mpira mwembamba wa kuziba weupe sawa, tena tuweke miguu yote miwili kwa kimo kimoja. Mbili, ukishakiosha usikianike juu ya bati. Bati la Mwanza saa saba mchana gundi inachemka, naletewa viatu vilivyofumuka kila siku na ukiuliza ni bati. Toa kile cha ndani cha kukanyagia, jaza gazeti, weka kivulini penye upepo, kesho kimekauka. Na mchanga wa ziwani ukung'ute mapema, ukikaa ndani unasaga kitambaa cha kisigino mpaka plastiki inatokeza.

Balo la Alfajiri

Fundi umeongea, hilo la bati hata sisi wauzaji wengine wanafanya.

Pasiansi Alfajiri

Wakuu naleta mrejesho, samahani nimechelewa, nilitaka nikimbie kwanza ndio niandike, leo ni kama wiki tatu.

Jumamosi ile nilifika Mlango Mmoja saa moja na nusu asubuhi. Nilianza na Pegasus. Nikabonyeza katikati inarudi vizuri, kisigino kimelala. Nikapitisha ukucha pembeni nikatoka na weupe chini ya ukucha, na chini ya ile rangi mistari ilikuwa imebanana kama mzee alivyosema. Nikaiweka chini. Asics, kisigino kinarudi, sio kama katikati ila kinarudi, kulia na kushoto sawa. Nikaiweka kwenye sakafu ya kibanda nikachuchumaa nyuma, imesimama wima. Muuzaji akaniuliza kaka unapima nyumba? Nikamwambia naenda kukimbilia kilomita 21. Akacheka, akaingia ndani, akaniletea Cumulus nyingine ambayo haikuwa imetundikwa, sentimita 28, mpira wa kisigino umelika kidogo tu, na kile cha ndani cha kukanyagia bado kina maandishi yake yanasomeka. Unajua sikuwa nimewaza hilo, maandishi ya ndani yakiwa hayajafutika ina maana unyayo wa mtu haujakaa humo sana. Aliitaka 90,000 tukaishia 72,000.

Niliiomba niijaribu kabla sijatoa hela. Pale nje kuna kamteremko ka zege, nikashuka mbio hatua kama ishirini, nikapanda, nikashuka tena, watu wananiangalia. Kwenye kushuka ndio nikaelewa mlichokuwa mnanieleza. Ile mpya ya dukani niliirudia pia siku hiyo hiyo, nikaomba nishuke nayo ngazi za pale nje, ngazi ya tatu nikasikia kisigino kinagonga, tap, kama ndala. Ukisimama tu dukani huwezi kusikia hiyo.

Nilianza na kilomita 3, nikapumzika siku moja, 3 tena, 4, sasa niko 6. Ugoko wa kushoto umenyamaza kabisa. Wa kulia bado nausikia kidogo siku nikikimbia siku mbili mfululizo, kwa hiyo nimeacha kukimbia siku mbili mfululizo. Nimeandika tarehe niliyoanza na alama ndogo ya kalamu ndani ya ulimi wa kiatu, na kilomita naziandika kwenye daftari la mwanangu la zamani, mpaka leo ni 49.

Kitu kimoja sijakipenda, kwenye lami iliyolowa inateleza kidogo pale mpira wa kisigino ulipolika. Juzi mvua imenyesha alfajiri nikaikuta hiyo. Fundi Igogo, nikija kwako Jumatatu utaniwekea ule mpira mwembamba miguu yote miwili? Nitakuja nayo ikiwa imekauka, kivulini.

Fundi Igogo

Njoo kaka, ila njoo kabla ya saa nne, na uje na zote mbili usije na mmoja.

Dada Viungo

Mguu wa kulia ukiendelea hivyo baada ya wiki mbili nyingine niandikie pembeni nikuelekeze mazoezi ya kigimbi. Capri Point bado, tafadhali.